Mgeni wa Mwezi wa Saba

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilikuwa na ukuta wa mashujaa, na baba yangu mdogo hakuwamo. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nilianza nikiwa na akili.

Ukuta wenyewe ulikuwa ule wa kando ya kitanda changu, nyumbani kwa Bibi, nilikoachwa nisome wakati wazazi wangu wakifanya kazi mji mwingine. Nilibandika picha nilizokata magazetini na kwenye vitabu chakavu: rubani mwanamke aliyevaa koti la ngozi, malkia wa zamani aliyekataa kuwapigia magoti wavamizi, mwanasayansi mmoja aliyezeeka akihesabu nyota, na golikipa ambaye, nakiri, alipata nafasi kwa ajili ya mabega yake. Katika ukoo wetu nilimruhusu mtu mmoja tu, binti wa shangazi aliyekwenda kusomea udaktari ng'ambo. Wengine wote niliwaona watu wa kawaida, na neno "kawaida" wakati ule lilinitia kichefuchefu.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa wa kawaida kupita wote. Alikuwa kapera wa miaka arobaini kasoro, analala chumba cha mbele na kuamka saa kumi na mbili kamili hata siku za mapumziko. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya soko. Mtaa mzima walimwita Sentimita. Rula fupi ya chuma haikubanduka kwenye mfuko wa shati lake, na aliitumia kwa mambo ambayo watu wazima wenzake hukadiria kwa macho: pengo la chini ya mlango, kimo cha meza, unene wa kipande cha mkate. Siku moja Bibi alimkuta anapima umbali kati ya misumari miwili ukutani, akamwambia, "Mwanangu, ukipata mchumba usianze na hiyo rula." Alicheka kwa adabu, kisha akamaliza kupima.

Mimi alikuwa ananikera. Ukimwuliza swali, hata dogo, anajibu, "Ngoja niangalie," halafu anakwenda kweli kuangalia. Mashujaa wangu hawakuwa watu wa kungoja waangalie. Yeye aliniita Profesa, nami sikuwahi kujua kama ananisifu au ananichokoza.

Niseme kidogo kuhusu kazi yake, maana bila hiyo mkasa huu hauelezeki. Siku hizo kurasa zilipangwa kwa mikono. Baba mdogo alikaa mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akikata maneno na picha kwa wembe na kuvibandika kwenye karatasi, kila kitu mahali pake. Akimaliza, ukurasa unakwenda chumba cha pili kwa fundi wa pleti, ambaye huuhamishia kwenye bati jembamba, na bati hilo ndilo linalofungwa mtamboni. Likishafungwa, kilichomo ndicho kitakachotoka mara elfu kadhaa. Sasa, mara nyingi picha ya mteja huchelewa, na ukurasa haupangiki ukiwa na shimo. Kwa hiyo inawekwa picha nyingine yoyote ishike nafasi mpaka yenyewe ifike. Pale kiwandani picha hiyo waliiita mgeni. Kabla ya kutengeneza pleti, fundi aliuliza swali moja tu kupitia dirisha dogo la ukutani: "Mgeni ameondoka?" Akijibiwa ameondoka, anaendelea.

Mgeni wa Baba mdogo, miaka yote, alikuwa Bibi.

Bibi alikuwa dobi wa hospitali. Alifua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa miaka thelathini na mmoja, na picha yenyewe alipigwa siku ya kuajiriwa, kwa ajili ya kitambulisho. Mpiga picha alimwambia abane pumzi, naye akabana kwa nguvu zake zote. Akatoka na macho makali, shingo imenyooka, kitambaa cheupe kichwani. Baba mdogo aliikuza picha ile akaitunza kwenye droo ya kazini kwa sababu vipimo vyake alivijua kwa kichwa. Basi Bibi amekaa kwenye nafasi za mawaziri, mabibi harusi, timu za mpira na sabuni ya kufulia, na kila mara aliondoka kabla ya wino. Mwenyewe alikuwa hana habari.

Mwaka huo ofisi ya elimu iliagiza kalenda ya ukutani kwa ajili ya madarasa, nakala elfu nne, yenye watu kumi na wawili wa kuigwa kutoka historia yetu, mmoja kila mwezi. Mwezi wa saba ulikuwa wa Mama wa Kivuko. Kila mtoto alimjua kwa jina. Wakati wa vita vya zamani aliwavusha watu mtoni kwa kivuko cha kamba, akiivuta kamba kwa mikono yake siku arobaini mpaka ngozi ya viganja ikaisha. Sura yake hakuna aliyeijua, maana alikufa kabla kamera haijafika pande zetu. Akatafutwa mchoraji amchore kwa kukisia, na mchoraji akachelewa.

Mchoro ulifika asubuhi ya siku ile ile ya kutengeneza pleti. Baba mdogo aliutia kwenye droo ili aubandike akipata nafasi ya kupumua. Hakuipata. Afisa wa elimu aliyesimamia kalenda alikuja kukagua, akavuta kiti, akakaa begani kwake saa tatu nzima akinyoosha kidole: hiki sogeza, kile kuza, hapa ongeza wekundu. Mwishowe akapitia ukurasa mmoja mmoja, akatia saini kila mmoja kwamba umepita, akamaliza chai ya watu, akaaga. Baba mdogo alikuwa bado anajifuta jasho fundi wa pleti alipoita dirishani, "Mgeni ameondoka?"

"Ameondoka," akajibu, "na asirudi."

Fundi akacheka, akachukua kurasa.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, Mwalimu wa Historia aliingia darasani na kalenda mpya kwapani. Alitutangazia kwamba siku ya kufunga shule wanafunzi kumi na wawili watasimama mbele ya wazazi, kila mmoja aeleze mtu mmoja wa kuigwa, na mgeni rasmi atatoka ofisi ya elimu. Akaweka vikaratasi kwenye boksi la chaki tuchague namba. Nilimtaka malkia, namba tatu. Nikatoa saba. Mwalimu akafunua mpaka mwezi wa saba ili nimwone mtu wangu.

Bibi alikuwa ananitazama.

Kwanza nilidhani ni njaa. Nikasogea. Kitambaa kilikuwa chake, shingo ilikuwa yake, na juu ya nyusi ya kushoto lilikuwepo kovu lake dogo la utotoni. Chini yake waliandika kwa herufi nene: MAMA WA KIVUKO, SHUJAA WA MTO. Mwenzangu wa dawati akaninong'oneza, "Ona macho. Huyo hata mto ulimwogopa." Mwingine akasema, "Mbona mnafanana?" nikamwambia akapimwe macho. Nilicheka kimoyomoyo mpaka kamasi zikanitoka. Mwalimu akaniazima nakala nikajisomee nyumbani, nikaikunja na kukimbia nayo njia nzima.

Baba mdogo alirudi saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimeshaitandaza mezani.

"Baba mdogo," nikasema, "njoo uone mgeni wako alikofika."

Hakucheka. Aliinamia kalenda, akatoa rula mfukoni akaipima picha, juu chini, kushoto kulia. "Sita na nusu kwa tisa," akasema. "Ndiyo yenyewe." Akavuta kiti akakaa, na rula akaishika kwa mikono miwili.

Ndipo kicheko changu kilipokauka, maana nilikumbuka sheria ya Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa binti wa mwenye kiwanda wa kwanza, mama wa maneno machache, na mwaka mmoja kabla alikuwa ametangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba kosa likitoka mlangoni, aliyelifanya anatoka nyuma yake. Hakuwa anatania. Watu wawili walishatoka, mmoja kwa sababu ya tarehe tu. Na Baba mdogo alikuwa amebakiza mwezi mmoja afanywe msimamizi wa chumba chao, jambo ambalo Bibi alikwishalitangaza mpaka kisimani.

"Lakini hakuna anayejua," nikamwambia. "Mama wa Kivuko hakupigwa picha hata moja. Nani atakuja aseme siye?"

"Hakuna."

"Basi si yameisha?"

"Hapo ndipo pabaya," akasema. "Angekuwa waziri, watu wangecheka, tungechapa upya. Huyu hana wa kumsemea. Watoto wote watakua wakijua kwamba yule mama alikuwa na sura ya mama yangu."

"Si sura mbaya."

"Si yake, Profesa."

Nikamwomba anisimulie siku ile ilivyokwenda, akanisimulia: droo, afisa, chai, swali la dirishani. Aliposema habari ya saini niliruka kwenye kiti. Afisa ametia saini kwenye ukurasa wenye sura ya Bibi. Kosa basi lilikuwa lake pia, tena yeye ndiye mkubwa. "Ukiitwa, anza na hiyo," nikamwambia. "Waambie alisaini." Akaniambia nikafanye kazi za shule.

Bibi akaingia na kapu la nguo zilizokauka. Akaliweka chini, akainama mezani.

"Nani kaniweka hapa?" akauliza. Akasoma kwa kidole. "Mwezi wa saba. Kwani nimeshakufa?"

Baba mdogo akamwambia yote, na kwa kuwa akianza kusema ukweli hajui kuupunguza, akamwambia pia habari za mawaziri na mabibi harusi. Bibi alisikiliza huku anakunja shuka.

"Yaani nimewahi kuwa sabuni?"

"Mara moja tu, mama."

"Na huyu mwenye nafasi yake, alifanya nini?" Akanigeukia mimi. "Mke mwenzangu, wewe ndiye msomi. Hebu nieleze."

Nikaeleza mto, kamba, siku arobaini. Bibi akaacha kukunja. Akaviangalia viganja vyake, akavigeuza, akavigeuza tena.

"Mimi nilifua mashuka, nikalipwa, nikarudi nyumbani," akasema. "Nitoeni hapo."

"Bibi, Baba mdogo atafukuzwa kazi," nikasema.

"Nimesikia. Ni mtu mzima, ataamua mwenyewe. Mimi nasema la kwangu tu. Siwezi kukalia kiti cha mwanamke mwenzangu eti kwa sababu hayupo kuniambia niinuke."

Ijumaa Baba mdogo alikwenda kazini na kurudi jioni. Alikula nusu ya chakula chake. Nilipomfuata uani akasema, "Nimeshindwa. Nilifika mpaka mlangoni kwa Mkurugenzi, nikajikuta naupima upana." Nilicheka, naye akacheka kidogo. Nilifurahi kwamba amenyamaza. Kazi yake ilikuwa salama, nyumba yetu ilikuwa salama, nami nilikuwa nimelitaka hilo hilo. Lakini nilipokwenda kulala niliwaangalia wale wa ukutani, rubani, malkia na wenzao, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba sijui hata mmoja wao alifanya nini siku alipokosea. Magazeti hayakuandika.

Jumamosi kiwanda kilifanya kazi mpaka saa sita mchana. Asubuhi Baba mdogo alivaa shati la mikono mirefu akaniita.

"Profesa, nisindikize. Nibebee hiyo kalenda."

"Kwani nzito?"

"Mikono yangu ina shughuli nyingine leo."

Nikaitazama. Yote miwili ilikuwa imeikaba rula. Nikaibeba kalenda bila kusema neno, na kwa mdomo niliokuwa nao wakati ule, hiyo haikuwa kazi ndogo.

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa juu ya chumba cha mitambo, na mitambo ikizunguka, maji yalicheza kwenye glasi mezani kwake. Mimi niliachwa kwenye benchi la nje, mlango ukabaki wazi nusu. Baba mdogo aliitandaza kalenda mbele yake.

"Mama, huu mwezi wa saba. Huyu si Mama wa Kivuko. Huyu ni mama yangu mzazi."

Mkurugenzi alivaa miwani yake iliyokuwa ikining'inia kifuani kwa uzi. "Mama yako."

"Ndiyo. Alikuwa mgeni. Niliulizwa kama mgeni ameondoka, nikajibu ameondoka. Nilikuwa namfikiria mgeni mwingine."

"Mgeni gani?"

"Mtu tu aliyekuwapo pale ofisini."

"Nani mwingine amegundua?"

"Nyumbani kwangu tu. Hakuna mwingine, na sidhani kama angetokea."

"Kwa hiyo ungenyamaza."

"Ningenyamaza, mama. Jana nilinyamaza. Sikuweza kumaliza chakula."

Mkurugenzi aliisogeza kalenda kando. Akainua simu akampigia afisa wa elimu, nasi tukangoja. Baba mdogo alikuwa amesimama muda wote ule, ingawa kiti kilikuwepo.

Afisa alifika baada ya nusu saa, na sauti yake ilifika kabla yake. Alipanda ngazi akisema elfu nne, elfu nne za aibu, na alipoingia aliirudia. "Nani alipitisha uchafu huu? Nataka jina lake."

"Ni mimi, Bwana Afisa," akasema Baba mdogo. "Kosa ni langu."

Nikakaa sawa kwenye benchi. Sasa, nikajisemea, sasa ndio wakati wake. Neno moja tu lilihitajika. Nilimsukuma kwa moyo: sema saini, sema saini. Afisa akaendelea kumwaga maneno, kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawana umakini, kwamba yeye alikaa pale saa tatu kwa ajili ya watu wasioangalia. Baba mdogo alinyoosha shingo, akabana pumzi, na nikamwona Bibi mwenyewe, Bibi yule wa kwenye picha. Hakusema lolote kuhusu saini. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kuingia niseme mwenyewe, na sijui mpaka leo kilichonikalisha.

Mkurugenzi akainuka, akafungua kabati, akatoa faili. Akafunua karatasi moja moja bila haraka, akasimama kwenye moja, akaligeuza faili upande wa afisa na kuweka kidole mahali fulani chini ya ukurasa. Mitambo huko chini ilikuwa inanguruma. Afisa alitazama kile kidole, akakohoa, kisha akakitafuta kile kiti ambacho hakuna aliyekikalia.

"Ehe," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka hadi ungeweza kuikaribisha chai. "Basi tuangalie namna ya kurekebisha."

Namna ilikuwa rahisi. Kiwanda kingechapa vipande elfu nne vya ule mchoro, saizi ile ile ya picha, na kila kipande kingebandikwa juu ya sura ya Bibi. Nakala nyingi zilikuwa bado kwenye stoo ya ofisi ya elimu, zimefungwa. Zilizokwishafika shuleni zingefuatwa huko huko. Afisa alikubali upesi, akaondoka kwa ngazi ile ile akiwa kimya.

Baba mdogo akabaki amesimama. "Na mimi, mama?"

Mkurugenzi alivua miwani. "Nilisema kosa likitoka mlangoni, aliyelifanya anatoka nyuma yake. La kwako wewe umelifuata ukalirudisha. Kwa hilo sina sheria." Akafikiri kidogo. "Usimamizi utasubiri mwaka mwingine. Jumatatu uwahi, kuna kazi ya kubandika."

Alitoka, akakaa kando yangu kwenye benchi, akavua viatu vyote viwili, akasema miguu inamwasha. Niliona macho yake yamelowa, nikageuka kutazama ngazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepata nafuu kubwa kiasi kwamba ningeweza kumkumbatia hata yule afisa.

Njiani alinunua mkate, akaumega kwa mikono bila kuupima, akanipa kipande kikubwa kuliko chake. Tukala tukitembea, jambo ambalo siku nyingine angeniambia ni tabia mbaya.

"Ulijua saini yake imo kwenye faili?" nikamwuliza.

"Nilijua. Nilikuwepo anaitia."

"Mbona hukusema? Alikutukana pale, wewe kimya."

Akatafuna kwanza. "Saini ni yake," akasema. "Mgeni alikuwa wangu."

Kazi ya kubandika ilichukua wiki tatu. Kiwandani walifanya siku za kazi, na Jumamosi marobota yakaletwa nyumbani, sebule ikajaa kalenda hadi tukawa tunapita kwa upande. Baba mdogo alipaka gundi, mimi nikaweka kipande, Bibi akakilaza kwa kiganja chake kizito cha mpiga pasi, hakuna kona iliyoinuka. Nadhani ni mtu pekee ninayemjua aliyejifunika uso mwenyewe mara mia nyingi na kufurahia. "Haya, dada, kaa kwenye kiti chako," alikuwa anamwambia yule wa kwenye mchoro. Zile nakala zilizokwishafika shuleni Baba mdogo alizifuata mwenyewe, shule moja baada ya nyingine, na chupa ya gundi na rula, akisimama juu ya kiti mbele ya watoto waliomshangaa. Alipofika darasani kwetu nilijificha nyuma ya mwenzangu wa dawati. Kisha nikaona haya kwa kujificha, nikatoka nikamshikia chupa.

Siku ya kufunga shule ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alikuwa afisa yule yule, kwenye kiti chenye kitambaa cha kudarizi, na mbele yake glasi ya maji iliyofunikwa. Bibi alikaa safu ya tatu. Baba mdogo alikaa ya mwisho kabisa, karibu na mlango, vidole vyake bado vina gundi. Zamu yangu ilipofika nilisimama chini ya mwezi wa saba.

Nilisema kwamba mchoro huu umefanywa kwa kukisia, na kwamba sura ya Mama wa Kivuko hatuijui na huenda hatutaijua. Tunachojua ni mikono yake ilivyokuwa siku ya arobaini. Nikasimulia mto, kamba na watu waliovuka, nikasimulia vizuri, kwa sababu nilikuwa nimemshika mkononi mara mia nyingi na nilimheshimu sasa kuliko nilipomjua kwa jina tu.

Mgeni rasmi alikuwa na mtindo wa kumwuliza kila mwanafunzi swali moja. "Vizuri, binti," akasema. "Na wewe ukiwa mkubwa ungependa kuwa kama nani?"

Jibu langu nililiandaa wiki nzima, nalo lilikuwa rubani. Nilifungua mdomo nikamwona mtu wa safu ya mwisho anapima kwa macho kama kalenda ya mwezi wa saba imening'inia sawa.

"Kama baba yangu mdogo," nikasema.

"Anafanya kazi gani?"

"Anapanga kurasa kiwandani. Akikosea anasema yeye mwenyewe, na hamtaji mwenzake."

Ukumbi haukuelewa. Mtu mmoja alielewa. Mgeni rasmi aliikunja karatasi yake mara mbili, kisha akaanza kupiga makofi yeye wa kwanza, taratibu, na watu wakamfuata. Bibi aligeuka nyuma kumtafuta mwanawe. Baba mdogo alikuwa amelitazama paa.

Shughuli ilipokwisha watu walitawanyika, nikamtafuta kila mahali. Nilimkuta nyuma ya choo cha walimu, amejibanza, ananiita kwa kidole.

"Profesa," akaniuliza kwa sauti ya chini, "mgeni ameondoka?"

"Ameondoka."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Amepanda gari, gari limetoka getini, limekata kona."

"Kaangalie tena," akasema.

Nikaenda nikaangalia. Barabara ilikuwa tupu. Nilirudi nikamwambia hivyo, naye akaegemea ukuta akacheka, akacheka mpaka rula ikadondoka mfukoni, na ni mimi niliyeiokota.